Mvua ya Lori

Mimi filamu ya mafuriko siangalii tena. Ikiwekwa mahali nimekaa, iwe saluni au hotelini, nabeba mkoba wangu natoka, hata kama chai iko mezani na bado inatoa moshi. Watu hunishangaa. Washangae.

Zamani sikuwa hivyo. Nilipokuwa msichana, mama yangu na mdogo wake walikuwa wamepanga vyumba kule Kibera, mama upande wa Lindi, mama mdogo Mashimoni karibu na mto. Jumapili tukitoka kanisani mama mdogo alinishika mkono tukaenda kibanda cha video. Kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi na pazia nzito mlangoni, na joto la humo ndani usiseme. Mama mdogo alipenda filamu za maangamizi. Za mapenzi hakutaka, za ngumi na mateke ndiyo kabisa. Alitaka aone bahari imesimama wima imeze mji mzima na magorofa yake, barafu ifunike madaraja, upepo urushe malori hewani. Na hakuangalia kimya. "Kimbia wewe! Unaangalia nini? Wacha hilo gari, pumbavu!" Watu kibandani walikuwa wanamsikiliza yeye kuliko filamu yenyewe, na mwenye kibanda alimwekea nafasi benchi la mbele.

Kitu kilichomchemsha zaidi ni mtu ambaye ameshaokoka halafu anarudi ndani kuchukua kitu. Kwenye filamu hizo lazima awepo mmoja. Amekumbuka mbwa, amekumbuka picha ya marehemu mumewe, basi anarudi mbio na maji yako pale nyuma yake. Na hafi! Anaruka, mbwa anaruka, wimbi linawakosa. Mama mdogo alikuwa anasonya mpaka watu wa nyuma wanasikia. "Uongo mtupu! Huyo angekuwa huku kwetu, saa hii tungekuwa tunachanga mazishi."

Mimi swali langu lilikuwa lingine. Maji yalikuwa yakipungua, jua linatoka, watu wawili watatu wamesimama juu ya paa wanakumbatiana, muziki unapanda, filamu imeisha. Na wale wengine? Wale wote waliobebwa, nani aliwatafuta? Nilimuuliza mama mdogo siku moja tukitoka. Akacheka. "Wale walikuwa wa kujaza maji tu. Twende ukanywe soda."

Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Kawangware, nikaanza kuuza nguo za watoto za mitumba. Mama na mdogo wake walibaki Kibera. Mama mdogo alikuwa anakaanga mandazi asubuhi, na mandazi yake watu wa Mashimoni watakwambia wenyewe. Mtoto wake mmoja, msichana, alikuwa analelewa na kukhu, mama yao, kule nyumbani Magharibi. Kukhu ndilo jina tunalomwitia nyanya kwetu. Krismasi moja kukhu alinunua doti ya leso ya manjano yenye ukingo mweusi, akaikata katikati, kipande kimoja akampa mama, kingine mama mdogo. Alisema hawa wamenyonya ziwa moja, basi wavae kitambaa kimoja.

Halafu ikaja ile mvua. Sitaki kuipamba. Haikuja na wimbi, haikuja na mngurumo wala mtu wa kwenye redio anayepiga kelele. Maji yaliingia kwa chini ya mlango alfajiri, yakainua slipa, yakainua karai, yakapanda kitandani. Yalikuwa na mifuko ya plastiki ndani yake, na nepi, na vile vyote ambavyo watu huacha mtaroni. Yalinuka. Hakuna filamu hata moja niliyowahi kuona ambayo mtu ameziba pua.

Mama mdogo alikuwa tayari ameamka kwa sababu ya mandazi. Alitoka na majirani mpaka kanisani kule juu, ameshaokoka kabisa, leso yake ya manjano ameifunga kiunoni. Hapo akakumbuka gunia la makaa. Jirani mmoja alimshika mkono. Akamwambia, "Narudi sasa hivi, nisipolitoa kesho nitakaanga na nini?" Akateremka. Ukuta wa nyumba ya jirani ukalala majini, na huo ndio mwisho wa watu kumwona. Gunia la makaa, jamani! Yeye aliyekuwa anamtukana mwenye mbwa! Nilikasirika naye sana, na ukinisikia nasema bado nimekasirika ujue ni kweli.

Tulimtafuta. Mama, mimi na vijana wa kanisa tuliufuata mto mpaka kwenye bwawa, tukachokora magugu kwa vijiti. Tulienda mochari, tulienda hospitali, tulirudi mochari. Salamu yetu ikawa moja: "Mmeona mama mwembamba, leso ya manjano?" Tuliituma kijijini, tuliituma kwa kila mwenye simu. Mvua ikaisha, jua likawaka, nyumba za kando ya mto zikaezekwa upya kwa mabati yaleyale yaliyookotwa majini, na mama mdogo hakupatikana.

Kwetu mtu aliyepotea majini haachwi hewani. Watu hukata mgomba, wakaulaza kwenye jeneza, wakauombea na kuulilia, kisha wakauteremsha kaburini, ili yule mtu naye awe na mahali pake nyumbani. Mpaka hayo yafanyike, hakuna linaloenda mbele. Hakuna anayemlilia kwa sauti, kwa sababu hajafa. Hakuna anayemcheka kwa kumkumbuka, kwa sababu hayupo. Yule binti yake aliniuliza kwenye simu kama anaruhusiwa sasa kulia. Mjomba, kaka yao aliyebaki kijijini, akapanga siku ya mazishi. Kukhu akakubali, ingawa kwa shingo upande. Tulichotaka ni hicho kimoja tu, mama mdogo azikwe.

Wakati huohuo ndio watu wa filamu wakaja.

Waliletwa na kijana wa mtaa. Mwelekezi wao alikuwa dada mmoja mpole, viatu safi, Kiswahili chake kizuri tu. Wanatengeneza filamu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, akasema, dunia ijue. Mama alimkatalia kwanza. Kisha akafikiri, akasema sawa, lakini mimi nitamtaja dada yangu jinsi alivyo, ili akiwepo mtu yeyote huko chini ya mto aliyemwona, hai au maiti, atuambie. Mwelekezi akasema bila shaka. Wakamkalisha kwenye kigoda pale nje Lindi, akasema yote: pengo la meno ya mbele, kovu la mafuta moto kwenye kiwiko, leso ya manjano. Alisema vizuri mpaka kijana mwenye kamera akapangusa macho. Mama akashinda siku hiyo na uso mwepesi. Mimi nilikuwa nimemletea mboga, nami nikatulia pia.

Sasa shida ya hao watu ilikuwa moja. Wamekuja kupiga picha ya mafuriko, na maji yameisha. Mto umerudi kuwa mtaro, ukiruka vizuri unavuka. Unajua walifanya nini? Walileta lori la maji! Lori zima, na mpira mrefu, na kijana wa kumwaga mvua juu kwa juu. Mashimoni! Mahali ambapo maji yakikatika tunabeba mitungi mpaka mtaa wa tatu, ati leo mvua inaletwa na lori. Kabla hata hawajafungua vizuri watu walishatoka na ndoo, na mabeseni, na sufuria za ugali. Akina mama walipanga mitungi chini ya ile mvua kwa utaratibu kabisa, bila kusukumana. Mwelekezi akawa anapiga kelele, "Jamani, tokeni kwenye picha! Mnaharibu picha!" Mmoja akamjibu, "Endelea tu na mvua yako madam, sisi tunateka kidogo." Tulicheka siku hiyo. Lazima niseme kweli, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Walitaka mwanamke anayeinuka kutoka majini. Mwelekezi alikuwa ameiona leso ya mama kwenye kamba ya nguo, akaipenda rangi yake, akasema kwenye kamera itawaka. Akamwomba aivae. Mama akaivaa, akaingia kwenye mtaro mpaka magotini, akaambiwa achutame na ainuke kwa hofu. Atapata wapi hofu na majirani wanateka maji pale pembeni? Akacheka. Wakarudia, akacheka tena. Mwisho mwelekezi akasema basi mama, geuza mgongo. Ndiyo maana kwenye ile filamu uso hauonekani. Unaona mgongo, mvua, leso ya manjano, na mkono wa mtu unamvuta juu ya ukingo.

Walitualika kwenye ukumbi siku ya kuionyesha, tukakaa mbele na soda. Ikaanza na barafu inamomonyoka huko sijui wapi. Ikaja bahari imesimama wima, na jinsi nilivyoiona nilimkumbuka mama mdogo na kibanda chetu. Kisha nikamwona mama yangu kwenye kigoda, mdomo unaenda na sauti haitoki. Wameweka muziki, na mwanamume wa sauti nzito anaongea juu yake kuhusu joto la dunia. Pengo la meno, hakuna. Kovu, hakuna. Nikasubiri, nikasema labda yako mbele. Mbele ikaja mvua ya lori, leso ikapanda polepole kutoka majini, na maandishi yakatokea chini: Maji yalimchukua. Akainuka. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mama akanigusa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa yale yote niliyosema wameyapeleka wapi?"

Tulirudi nyumbani tumenuna, tukadhani yameishia hapo. Kumbe kile kipande cha filamu chenye leso kimekatwa, kinatembea kwenye simu za watu. Kikatembea mpaka kijijini, kikaingia kwenye simu ya binti wa mama mdogo.

Kukhu ndiye aliyempigia mama simu. "Ameonekana," akasema. "Ametolewa majini. Nimemwona kwa macho yangu."

Mama akamwambia, "Mama, huyo ni mimi."

"Wewe nakujua. Yule ni mdogo wako, na ile ni leso niliyomnunulia."

"Leso ni mbili, mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyezikata."

Kukhu akasema kitu kilichomfanya mama akae chini. "Mnanificha. Amevunjika, au ameolewa na mtu msiyemtaka, ndiyo maana mnataka nizike mgomba na mtoto wangu yuko hai."

Mazishi yakasimamishwa. Mjomba naye akaanza kusema labda, labda. Yule binti akaanza kumpangia mama yake mambo ya kumwambia akirudi. Sikulala kwa hasira. Maji yalimchukua mara ya kwanza, na sasa hawa watu na lori lao wamemchukua mara ya pili.

Asubuhi nikaenda ofisini kwao. Si mbali, ukitoka Kawangware unavuka barabara tu, kuta zinaanza kuwa ndefu na miti inaanza. Mwelekezi akanikaribisha vizuri, akanipa chai ya maziwa. Nikamweleza yote. Akasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Nikamwambia sitaki fidia, sitaki kesi, nataka muandike pale chini kwamba huyu ni fulani anaigiza, na mrudishe yale maneno ya mama kuhusu dada yake.

"Nakuelewa dada," akasema. "Lakini tukiandika hivyo tutavunja hisia. Na yale maneno ya mama yalikuwa yanalenga mtu mmoja sana. Tunaongea kuhusu dunia nzima."

"Huyo mtu mmoja ndiye aliyekufa!"

"Ni kweli. Lakini watu wamechoka na huzuni. Wanahitaji tumaini, la sivyo hawatafanya chochote."

Tumaini. Nilitamani nimmwagie ile chai. Nikaiweka chini, nikamwambia tumaini lake liko kwenye basi saa hii linakuja Nairobi na kikapu, na mimi ndiye nitakayelipokea. Hakunielewa. Akaniambia atazungumza na wenzake, na kama wamezungumza mpaka leo mimi sijaambiwa.

Kukhu alifika Kawangware jioni, miguu imevimba kwa safari. Alikuwa na ndizi, unga wa wimbi, na mfuko mwekundu ambao hakutaka mtu aushike. Kitukuu wake, mtoto wangu mdogo, alijaribu kuuvuta, akachapwa kofi mkononi. "Hiyo ni sweta ya mama yako mdogo," akaniambia mimi. "Nimeifuma mwenyewe. Yale maji niliyoyaona yana baridi." Hakuuliza anakaa wapi, hakuuliza anaumwa nini. Alikaa kwenye kochi na mfuko mapajani, anasubiri niache mchezo nimlete.

Tulimwonyesha ile video. Tukaisimamisha, tukamwambia angalia mkono, angalia kisigino. Mama alikuja kutoka Lindi akakaa karibu naye, akamwambia tena na tena, mama ni mimi, walinimwagia maji ya lori. Kukhu akasonya, nikasikia kabisa msonyo wa mama mdogo. "Mvua ya lori! Mimi ni mzee lakini si mjinga. Mvua naijua. Nipelekeni mahali pale."

Basi tukampeleka. Mashimoni kulikuwa na jua, watu wamepanga foleni kwenye kioski cha maji, watoto wanacheza. Tulimshika mikono huku na huku mpaka kwenye ukingo, tukampa mtungi mtupu akaukalia. Akaangalia mtaro, akaangalia ule ukuta uliojengwa upya. "Hapa?" akauliza. "Maji yenyewe ndiyo haya?"

 Mama alivua slipa, akatoa leso ya manjano kwenye mkoba, akaifunga kama alivyofungwa siku ile na watu wa filamu. Nikamwambia, "Mama, wacha, hayo maji ni machafu." Akaniangalia mara moja tu. Akateremka. Akaingia mpaka magotini, akatugeuzia mgongo, akachutama, maji yakalowesha leso mpaka kifuani. Kisha akainuka polepole vilevile.

Kijana mmoja wa pale alishatoa simu anarekodi. Nikamrukia. "Zima hiyo kitu! Zima kabla sijakuonyesha!" Akaizima, akasema pole mathe.

Kukhu alikuwa ameegemea mbele kwenye mtungi. Aliuangalia ule mgongo kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na niliona midomo yake inaita jina, si la mama.

"Geuka," akasema.

Mama hakugeuka mara moja. Nilidhani hajasikia, kumbe alikuwa analia. Kisha akageuka.

  Kukhu aliutazama ule uso, uso wa mtoto wake mwenyewe ambaye yuko hai, na akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kilio kile cha kwetu ambacho mtu wa mbali akikisikia anaacha jembe anakuja. Hakuwa amelia hivyo tangu mvua ile. Mama akaja kutoka majini, akapiga magoti mbele yake, akasema, "Nisamehe mama, ni mimi."

"Ni wewe," kukhu akasema. Akajifuta kwa kiganja. "Mpigieni mjomba wenu. Aukate ule mgomba wa nyuma ya jiko, ndio ulionyooka."

Mama alikuwa anatetemeka, leso imemganda mwilini. Kukhu akaufungua ule mfuko mwekundu, akatoa sweta, akamvisha yeye mwenyewe, mkono mmoja, kisha mwingine, kama anavyovishwa mtoto. Ilimbana mabegani na vifungo havikufika. Mama mdogo alikuwa mwembamba.